Mwaka Niliokaa Kwa Vichaa

Deo alipofariki, binti yake Clarisse alinipigia simu siku ileile. Aliniomba niende msibani Kagugu, na niandae maneno machache ya kusema siku ya mazishi, kwa sababu katika wale waliokaa kwenye ile nyumba ya Nyamirambo nimebaki mimi peke yangu hapa mjini. Nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, kati ya majirani na watu waliofanya kazi naye Kacyiru, nikasikiliza vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wakisimulia nyumba niliyokuwa nikiipiga deki kila Jumatatu. Mmoja alisema kwamba kapteni wa jeshi alikuja kuwakamata wanamuziki kwa ajili ya kelele, akaacha bunduki mlangoni, akacheza siku tatu. Mwingine akasema hapana, kisa kikubwa ni kile cha bibi harusi aliyetoroka kanisani na shela lake akaja kucheza roki hadi viatu vikakatika. Nilitaka kuwaambia kwamba kapteni alikaa saa moja tu, akala sahani ya isombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akasinzia kwenye kochi, akaamka na kuomba maji. Bibi harusi alikuwa binamu yake Modeste, mpiga dramu wetu, na alikuja kuazima viti. Lakini sikusema, kwa sababu visa hivyo havimdhuru mtu. Nilichokuwa nikikingoja, kwa kuwa nilijua kitakuja, ni kile kingine, na kweli kilikuja. Mzee mmoja mwenye tai alitikisa kichwa akasema kwamba jambo la ajabu kuliko yote ni kwamba katika nyumba ile, katika miaka ile, hakuna aliyeuliza mwenzake ni kabila gani. Watu chini ya hema wakaitikia kwa heshima. Wakanitazama mimi, nami nikatazama chini, na nadhani walidhani nalia.

Habari za kwetu siziandiki hapa. Inatosha kujua kwamba baba yangu alikuwa fundi cherehani Biryogo, na kwamba nyumba ya wanamuziki ilikuwa juu yetu mlimani, mwendo wa dakika tano kwa mtu asiye na haraka. Mwanzoni mwa mwaka 1993 nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba alinituma kupeleka suruali nne alizowashonea, pana chini, za kitambaa cheusi, na nilipofika niliwakuta katikati ya mazoezi. Hawakunisikia nikibisha. Nilisimama kwenye baraza na suruali mkononi, na wimbo uliporudi kwenye kiitikio mara ya tatu nikaanza kuuimba, bila kufikiri, kama mtu anavyoimba akifua. Gitaa likanyamaza kwanza, kisha vingine vyote. Aliyekuwa akipiga gitaa alitoka nje, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, akaniuliza kama naweza kurudia vile vile, bila kuongeza kitu. Huyo ndiye Karekezi. Wiki mbili baadaye nilihamia pale na godoro langu, na baba akaninunia kwa miezi miwili.

Nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara Mgiriki aliyeondoka vita vilipoanza mwaka wa tisini, akamwachia Deo funguo, kwa kuwa Deo alikuwa karani wake. Mtaa mzima uliiita Kwa Vichaa. Sebule ilikuwa kubwa kama darasa, na ukutani walikuwa wamepigilia magodoro ya zamani ili sauti isitoke, kwa hiyo chumba kilinuka jasho la watu waliokuwa wamelalia magodoro yale kabla yetu. Bafuni kulikuwa na sinki kubwa la kulala ndani, lakini maji hayakupanda kufika mlimani, basi ndimo tulimoweka viazi vitamu na makaa. Modeste alilala korido, kwa kupenda kwake, akisema vyumba vina ndoto za Mgiriki. Bosco, mpiga besi, Mkongomani wa Bukavu, alikuwa na chumba chenye dirisha la kuelekea msikitini na alijua saa za swala kuliko mimi. Deo alipiga kinanda, alishika funguo, na alikata maneno pale yanapobishaniwa. Alikuwa na sauti ya chini, ya upole, ambayo mtu aliiona ni ya haki kabla hajasikia inasema nini.

Kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, sherehe zetu zilikuwa za mchana. Jumapili saa nane watu walianza kupanda mlima: wanafunzi, wauguzi, wauza nguo za mitumba, makarani wa wizara na wake za watu. Waliokuja na bia waliiweka kwenye pipa, waliokuja bila kitu walipewa kazi ya kutwanga isombe. Niliipika na dagaa, pamoja na ugali wa muhogo, kwenye sufuria mbili kubwa. Wenzangu walipenda nyama ya nguruwe, na ni Karekezi aliyeamua, bila mimi kuomba, kwamba itachomwa upande wa pili wa ua, kwenye mbabura, jiko la makaa, yake yenyewe, na kisu chake kifungwe kitambaa chekundu ili kisichanganyike na vyangu. Modeste alipojisahau siku moja na kukata vitunguu vyangu kwa kisu kile, Karekezi alivimwaga vitunguu vyote, akaenda sokoni kununua vingine. Ilipofika saa kumi muziki uliwaka. Roki yetu haikuwa nzuri sana, nakiri sasa. Amplifaya moja ilikuwa ikikoroma na dramu moja ilikuwa imezibwa kwa ngozi ya mbuzi. Lakini Karekezi alipoinamia gitaa lile, watu waliokuwa wakila waliweka sahani chini.

Mtu akiniambia leo kwamba hatukujua nani ni nani, naona ananitukana, ingawa anadhani ananisifu. Tulijua. Vitambulisho vyetu vilikuwa vimeandikwa kabila, na kila tulipotoka kwenda kupiga muziki Remera au Gitarama tulisimamishwa barabarani, tukavitoa. Deo alikuwa na mpango: yeye alitoa chake kwanza, akaanza mzaha na askari, akafuata Modeste, nikafuata mimi, Bosco na karatasi zake za Kongo zilizowachosha, na cha Karekezi kikaja mwisho, wakati askari ameshacheka. Nani anapanga foleni kama hiyo bila kujua? Na nilipokuwa jikoni siku za Jumapili niliwasikia wageni waliongoja choo wakinong'ona chini ya dirisha langu, yule wa gitaa ni wa wapi, ndugu zake wako upande gani, mbona hajaenda kwao. Mwanamke mmoja aliyekuwa akicheza mbele yake nusu saa kabla alisema kwamba watu wa aina yake ni wazuri wa vidole. Karekezi naye alisikia. Siku moja aliingia kuchukua chumvi, akasikia neno kama hilo, akachukua chumvi yake akatoka.

Katikati ya mwaka tuliambiwa kwamba amani imetiwa saini, na kwa wiki chache watu walikunywa kwa furaha ya kweli. Kisha vyama vikaanza kugawanyika, redio ikabadilika sauti, na mnamo mwezi wa kumi na moja akaja mgeni mchana wa katikati ya wiki. Alikuwa mtu wa chama, msimamizi wa vijana, mwenye suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni. Nilimkaribisha chakula, akasema ameshakula, na nilijua hajala, kwa sababu macho yake yalifuata sufuria. Alikaa na Deo sebuleni. Mimi nilikuwa barazani nikichagua maharage, na dirisha lilikuwa wazi. Alisema chama chake kinataka muziki wa kisasa kwenye mikutano, si ngoma za bibi zao. Kuna gari, kuna vyombo vipya vilivyokwisha kuagizwa, kuna jukwaa lenye vipaza sauti vinavyosikika mlima hadi mlima. Deo akauliza maswali ya vyombo, aina gani, vinafika lini. Kisha yule mtu akasema, kwa Kinyarwanda safi na bila hasira yoyote, kama anayetaja ukubwa wa gari, kwamba mpiga gitaa yule hatapanda jukwaani, maana watu wakimwona hawatasikia muziki tena. Nilingoja Deo aseme kitu. Alikohoa. Akauliza tena vyombo vinafika lini.

Tulikutana siku iliyofuata, sisi wanne, kwenye ile sebule yenye magodoro ukutani. Karekezi alikuwa amekwenda Kabuga kumwona mama yake. Deo hakusema tumfukuze. Alisema apumzike kwanza, miezi mitatu minne, hali ikitulia atarudi, na kwamba kwa kweli tunamlinda, kwa sababu mtu anayeonekana sana siku hizi anajitafutia balaa. Alieleza vizuri hivi kwamba ilionekana ukatili kumbakiza. Modeste aliinua mkono kabla swali halijaisha. Bosco alisimama, akajipangusa suruali. "Mie niko mugeni hapa," alisema. "Hii mambo iko yenu. Muamue." Akatoka kwenda kununua sigara. Deo akanigeukia mimi.

Nimepewa nafasi nyingi maishani za kusema kwamba niliogopa. Ingekuwa rahisi, na kila mtu angenielewa, kwa kuwa miaka ile kila mtu aliogopa. Lakini sikuogopa siku ile. Nilikuwa nafikiria kipaza sauti kinachosikika mlima hadi mlima. Nilikuwa sijawahi kuimba mbele ya watu zaidi ya wale wanaoweza kuenea kwenye ile sebule, na nilijiona, kwa macho ya wazi, nimesimama juu ya mbao mpya na nguo ambayo baba angenishonea. Nikainua mkono. Halafu Deo akaniomba jambo la pili, kwa ile sauti yake ya upole: nimwambie mimi, kwa sababu mimi hatanikasirikia.

Karekezi alirudi kesho yake saa nne asubuhi na mfuko wa parachichi. Nilimfuata chumbani kwake. Alikuwa ameketi kitandani akibadilisha nyuzi za gitaa, akazisokota polepole, sikio karibu na mbao. Nilisema yote niliyofundishwa, apumzike, hali ikitulia, tunamlinda. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisokota uzi mwingine, akaujaribu, akaulegeza.

"Mliinua mikono?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na wewe, Zaina?"

"Na mimi."

Aliweka gitaa pembeni. Alivua miwani akaifuta kwa shati, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mdogo kuliko nilivyomzoea. "Ungekataa wewe mmoja tu wangeshindwa," alisema. "Mpiga gitaa watampata popote. Mwimbaji hawana mwingine."

Alifunga nguo zake kwenye begi, akaaga kila mmoja kwa mkono, hata Deo, ambaye alimpa mkono wa pili juu ya wa kwanza kama tunavyofanya kwa watu tunaowaheshimu. Parachichi alituachia. Tulizila jioni ile na chumvi, tukazisifu.

Vyombo vipya vilifika kweli. Gitaa alikuja kulishika kijana wa Gikondo, hodari, asiyejua kunyamaza. Nilipanda jukwaani mara tatu. Mara ya kwanza tuliimba nyimbo zetu, na sauti yangu ilikwenda ikagonga mlima wa pili ikanirudia, na sina budi kuandika hapa kwamba nilikuwa na furaha. Mara ya pili walituletea karatasi yenye maneno ya kuweka juu ya wimbo wetu mmoja, maneno ya kusifu chama, ya kawaida. Mara ya tatu, mwezi wa kwanza wa mwaka 1994, karatasi ilikuwa na ubeti mmoja zaidi. Niliusoma nyuma ya gari. Ulizungumza juu ya nyoka na juu ya kusafisha nyumba. Nilimwonyesha Deo. Aliusoma, akanirudishia, akasema ni mfano tu wa lugha. Niliuimba. Niliuimba kwa sauti nzuri, nikiwa kwenye ufunguo sahihi, na umati uliokuwa ukicheza uliacha kucheza ukaanza kupiga kelele ya namna nyingine, kelele ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka kwa watu wanaosikiliza muziki. Wiki ile nilibeba godoro langu nikateremka kwa baba. Wenzangu hawakunibembeleza. Walikuwa wameshaona kwamba hata mwimbaji anapatikana.

Mwezi wa tatu nilipanda basi kwenda Kabuga kumwomba Karekezi msamaha. Nilimkuta kwenye duka la shemeji yake, nyuma ya meza iliyojaa redio zilizofunguliwa tumbo, akizitengeneza. Alinipa kiti chake, akakaa juu ya kreti. Mama yake alileta chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, akanishukuru kwa kumkumbuka mwanawe, akasema marafiki wa mjini ni wachache wenye moyo kama wangu. Tuliongea juu ya nyuzi za gitaa, jinsi zilivyoadimika. Aliniuliza kama Modeste bado analala korido. Nikamwambia, akacheka. Mara mbili nilifungua mdomo kusema nililokuja kusema, na mara zote mbili mteja aliingia, au labda aliingia mara moja tu na ile ya pili nilijizuia mwenyewe. Wala sikumwambia arudi mjini akae kwetu Biryogo, ingawa nilikuwa nimeliwaza hilo njia nzima. Arudi avione vyombo vipya? Aliniweka kwenye basi na mkungu mdogo wa ndizi kwa ajili ya baba. Basi lilipoondoka alikuwa ameshageuka kurudi kwenye redio zake.

Baada ya wiki chache ukaja Aprili. Sitaandika yote, wengine wameandika. Naandika tu kilichotokea kwetu. Usiku na mchana watu waliokimbia kuuawa walipita uani, na baba, ambaye nilidhani namjua, hakumrudisha hata mmoja. Aliwalaza chumba cha cherehani, chini ya meza ya kukatia na nyuma ya marobota ya vitambaa, akakaa mlangoni na futi yake shingoni, akishona kanzu zisizo na wenyewe ili cherehani isikike. Waliokuja kumwuliza aliwajibu kwamba hapa kuna Waislamu na uzi tu. Wengi wao hakuwa amewahi kuwaona. Mmoja alikuwa muuguzi aliyekuwa akicheza Kwa Vichaa kila Jumapili. Alinitambua, akanishika mkono, hakuuachia mpaka asubuhi. Wote waliokuwa chumba kile walitoka wazima.

Siku ya nne au ya tano baba aliacha kushona akaniuliza, "Na yule kijana wako wa gitaa, Zaina? Mbona hajaja? Yeye njia anaijua."

Nikamwambia alihamia Kabuga.

"Kwa nini alihama?"

"Alimfuata mama yake," nilisema.

Baba akasema Mungu amhifadhi, akarudi kwenye cherehani. Aliishi miaka kumi na moja zaidi, akamtaja Karekezi mara nyingi, na kila mara nilikaa na uongo huo mbele yake. Karekezi, mama yake na shemeji yake waliuawa siku za mwanzo kabisa, nyuma ya lile duka. Dada yake aliyekuwa Uganda ndiye aliyeniambia, aliporudi kuwatafuta. Alijua jina langu. Aliniambia kaka yake aliandika barua akinisifu sauti.

Nyumba iliporwa hadi mabati. Modeste alivuka mpaka kwenda Kongo na hakurudi. Bosco sijui. Deo alirudi baada ya miaka mitatu, amekonda, akahojiwa na wahusika, ikaonekana hakumgusa mtu, na ni kweli hakumgusa mtu. Akapata kazi Kacyiru. Kisha, nadhani kidogo kidogo, akaanza kuisimulia ile nyumba, kwanza kwenye harusi, halafu redioni, jinsi ilivyokuwa kisiwa, jinsi hakuna aliyeuliza. Nilimsikia nikiwa dukani nanunua sabuni. Kila mwaka alinialika chakula na kila mwaka nilikwenda, tukala, na hatukuwahi kumtaja Karekezi isipokuwa kwa kusema alikuwa na vidole vizuri.

Usiku wa kuamkia mazishi haukuwa na usingizi kwangu, na asubuhi nilimfuata Clarisse jikoni kwake. Alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia, na karatasi ya wasifu wa baba yake ilikuwa mezani, imechapwa vizuri. Nilimwambia siwezi kusema siku ile, na nikamwambia kwa nini. Nilimweleza mtu wa suti ya kijivu, sebule, mikono, na kwamba mkono mmoja ulikuwa wangu. Alisikiliza amesimama. Ana sura ya Deo na sauti yake pia.

"Tantini," alisema mwishoni, akiniita shangazi kama kawaida yake, "kwa nini hukuyasema akiwa hai? Angenijibu mwenyewe."

Alinyanyua sinia akaenda kuwapa wageni chai.

Makaburini alisoma wasifu kwa utulivu: kuzaliwa, shule, kazi kwa Mgiriki, kinanda. Alipofika kwenye nyumba ya Nyamirambo alinyamaza, akatazama karatasi kwa muda, akafunua ukurasa, akaendelea na mwaka aliooa mama yake. Watu walidhani kilio kimemshika, wengine wakamwambia polepole, pole mwanangu. Mzee mwenye tai alinigeukia akaninong'oneza kwamba ni bahati mbaya, ameruka mahali pazuri kuliko pote. Nikaitikia kwa kichwa. Uongo haukusomwa siku ile, wala ukweli haukusomwa, na jina la Karekezi halikutamkwa na mtu yeyote pale kaburini, nami nilikuwapo.